Uza asali na limau, wiski mwachie mwenye leseni

Baridi ya Mbulu na Katesh ikikaza, wateja wanaulizia wiski ya limau. Ndugu mjasiriamali, usikimbilie kuchanganya na kujaza kwenye chupa! Kuuza pombe kunataka leseni, na viroba vilishapigwa marufuku tangu Machi 1, 2017.

Wewe uza kifurushi: asali, limau, na karatasi ya maelekezo haya. Kijiko 1 cha asali kwenye kikombe, mimina maji ya moto nusu kikombe, koroga mpaka iyeyuke. Kamulia nusu limau. Wiski vijiko 4 vya chakula iingie mwisho. Mteja atanunua mwenyewe dukani.

Usitume juisi iliyokamuliwa. Limau zima linafika Haydom salama. Juisi inachacha njiani, na mteja harudi tena.