Homa ikishuka, moyo bado unaweza kuwa mugonjwa

Bandugu batumikaji, mazoea yetu ni hii: mutu anashikwa homa na kikohozi, analala siku tatu, kisha anarudia ku posta ya usiku. Shefu anafurahi. Lakini virusi yenye kuingia mu mapafu inaweza kugusa na moyo.

Mwaka 2020, banganga ba Wuhan, kule China, waliangalia wagonjwa 416 wa Covid-19 mu lupitalo moja. Kwa 82, damu ilionyesha kama moyo umeumia. Kati ya hao 82, zaidi ya nusu walikufa. Kwa wale wengine, hata 5 juu ya 100 hawakufika. Na haiko Covid peke yake. Mu 2018, watafiti ba Kanada walionyesha kama mu siku 7 za kwanza kisha gripe kuonekana mu vipimo, hatari ya krizi ya moyo inapanda mara 6.

Sababu gani? Fikiri pompi ya kutoa maji mu shimo: maji inaongezeka, kurā inapunguka. Homa inalazimisha moyo kupiga mbio, na mapafu yenye ugonjwa inaleta oksijeni kidogo. Tena damu inaweza kuganda mu mishipa, na nyama ya moyo yenyewe inaweza kuvimba. Mwenye tansio ao sukari njo wa kwanza kuangaliwa.

Kifua kikiuma, pumzi ikikosa hata ukilala, moyo ukiruka-ruka, kizunguzungu, miguu kuvimba: usishuke mu shimo. Enda kwa munganga siku ile ile.

Mu kampuni moja kwenye nilikuwa delege, walipima joto tu ku mulango. Joto ikishuka, rudia kazi, beba mizigo. Kipima-joto hakioni moyo! Tuombe mambo tatu: munganga aandike kama mutu anaweza kurudia, mwenye dalili apimwe moyo kwa mashini, na kazi ianze pole pole, bila muzigo muzito.

Hatuombi zawadi. Code du travail ya 2002 inasema mwajiri anapaswa kutunza mutumikaji mugonjwa pamoja na jamaa yake, hata kama mukataba umesimama kwa sababu ya ugonjwa. Badelege, muandike hii ku mukutano wenye kuja na bakubwa ba kazi. Na wewe ndugu, kupumzika kisha homa haiko uvivu.