Mbuta au sangara? Fuata nyayo za jina

Ukila samaki huyu Kisumu, utaambiwa ni mbuta. Ukifika Mwanza, mnofu uleule utauziwa kwa jina la sangara. Waganda nao humwita mputa. Wasomaji kadhaa wananiuliza lipi kati ya hayo ndilo Kiswahili sanifu na lipi eti ni la 'kienyeji'. Kabla hatujahukumu, tuulize kwanza samaki mwenyewe ametoka wapi.

Mbuai huyu si mzaliwa wa Ziwa Victoria. Aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960 kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Kwa hivyo hakuna nyanya wa Kijaluo wala wa Kisukuma aliyemrithisha mjukuu jina la kale la samaki huyu wa kwao ziwani. Jina lilibidi lisafiri. Wavuvi wa Ziwa Albert walimjua tangu zamani kama mputa, na kwa maoni yangu jina hilo ndilo lililoandamana naye hadi upande wetu. Sauti p hugeuka b kirahisi inapotanguliwa na m, basi mputa akawa mbuta.

Tanzania ilichota kwingine. Ziwa Tanganyika lina binamu zake wa jenasi hiyohiyo ya Lates, na ukiagiza sangala kule Bujumbura utaletewa mmoja wao. Hiyo l na r isikusumbue. Katika lugha nyingi za Kibantu sauti hizi huazimana nafasi kama majirani wanavyoazimana chumvi. Yaani mgeni alipofika, watu walimpa jina la jamaa zake.

Mbali na kwetu, majina humtazama umbo. Wahausa humwita giwan ruwa, 'ndovu wa majini', na si chuku: anaweza kupita kilo 100. Wasemao Kifaransa, kutoka Kinshasa hadi Bamako, wamempandisha cheo wakamwita capitaine, nahodha. Wamisri husema qishr bayad, yaani gamba jeupe. Wagiriki wa kale walimwita latos, na mji wa Esna wakauita Latopolis kwa kuwa aliheshimiwa huko kama kiumbe kitakatifu. Hapo ndipo wanasayansi walipotoa Lates. Nile perch ya Waingereza ndiyo inayopotosha, maana samaki huyu hayumo katika familia ya perch wa mito ya Ulaya.

Kamusi zetu ziorodheshe mbuta na sangara pamoja. Kufuta mojawapo ni kufuta njia iliyopitwa na wavuvi. Mimi hofu yangu iko kwa fulu, ambao Watanzania huwaita furu. Ziwa lilikuwa na mamia ya aina za visamaki hao, na nyingi zimetoweka, mbuta akiwa miongoni mwa waliozimaliza. Mwalimu uliyeko Kisumu, hebu waulize wanafunzi wako ni wangapi wanaolijua jina hilo.