Hisa: Kwa Nini Faida Zake Hazilingani?

Siku hizi hata mkulima wa Kaoze anaweza kununua hisa. Hisa ni fungu dogo la mali ya kampuni. Ukiwa nayo, wewe ni mmoja wa wenye kampuni. Faida zake ni mbili. Kwanza, gawio, yaani fedha ambazo kampuni huwagawia wenye hisa. Pili, bei ikipanda, unaweza kuuza kwa zaidi ya ulivyonunua.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998. Mwaka 2008 wananchi waliuziwa hisa za benki ya NMB kwa shilingi 600 kila moja. Lakini hisa za makampuni hazilipi sawasawa. Kwa nini? Sababu moja kubwa ni kuyumba kwa uchumi.

Uchumi ukiyumba, bei hupanda na kushuka ovyo, na biashara hulala. Lakini makampuni hayaumii sawa. Chumvi watu wataendelea kununua, ila safari wataahirisha. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulisimamisha ndege nyingi duniani. Kampuni ya Swissport Tanzania, inayohudumia abiria na mizigo viwanjani, ilikosa kazi nyingi. Bei ya hisa zake ikashuka.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuna hisa mbili. Ya kwanza, mwaka mzuri itafika shilingi 1,600, na mwaka mbaya 800. Ya pili, mwaka mzuri itafika 1,250, na mwaka mbaya 1,150. Ukichukua wastani wa miaka hiyo miwili, zote ni 1,200. Je, utazinunua kwa bei moja? Hapana! Ile ya kwanza inakutupa wakati wa shida. Basi watu watataka kuinunua kwa bei ya chini, tuseme 1,000. Ya pili watakubali hata 1,100. Kwa hiyo ya kwanza italeta faida ya wastani ya shilingi 200, na ya pili shilingi 100 tu.

Umeona? Ile faida kubwa si zawadi. Ni malipo ya kubeba hofu.

Hisa inayosimama imara ni kama ulezi ghalani. Ulezi hauharibiki upesi, ndiyo maana wazee wa Ufipa waliuweka akiba ya miaka ya njaa. Kitu cha namna hiyo kila mtu anakitaka. Bei yake huwa juu, na faida ya mnunuzi huwa ndogo. Mwaka 2006 wataalamu wanne walichapisha utafiti juu ya hisa za Marekani. Waliona kwamba hisa zilizofanya vizuri wakati soko linapoyumba ndizo zilizoleta faida ndogo kwa wastani.

Basi, ukiambiwa, "Hisa hii inalipa sana," uliza: "Na mwaka mbaya je?" Kama kampuni inategemea mavuno, mwaka wa ukame shamba lako litakosa na hisa itashuka. Utaumia mara mbili. Na fedha ya ada ya watoto au ya mbolea usiiweke kwenye hisa inayoyumba. Huenda ukalazimika kuiuza siku ile ile bei imeanguka.