Twahara ya Nywele: Maji Yafike Shinani

HUTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemwumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akampamba kwa nywele, na akamfundisha kujitwahirisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ahli zake, na masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika ucha Mungu ni kuihifadhi sala, na sala haihifadhiki ila kwa kuihifadhi twahara yake. Nyumba haisimami bila ya msingi, na msingi wa sala ni maji kufika mahali yalipoamrishwa kufika.

Ndugu Waislamu, siku moja ya Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mzee mmoja mwenye biashara katika mitaa ya Msimbazi, na uso wake umejaa fadhaa. Binti yake alikuwa ameolewa Jumamosi iliyopita. Kabla ya ndoa alipelekwa saluni, nywele zake zikapakwa jeli na nta, zikapandishwa juu kama kilemba, kisha zikapulizwa dawa ya kuzishika zisitikisike. Kazi ile ilichukua nusu ya mchana na fedha si haba. Alfajiri ya Jumapili ikampasa bibi harusi kukoga josho la faradhi. Akavaa kofia ya plastiki, akajimwagia maji kuanzia shingoni, akasali. Na ndivyo alivyofanya siku zote zilizofuata.

Kungwi wake alimtuliza kwa kumwambia kuwa Mtume (S.A.W.) amewaruhusu wanawake wasifumue nywele. Mama yake naye, alipopata habari, alishikwa na hofu, akainuka na chupa ya mafuta ya taa ili azioshe nywele zile usiku ule ule. Mzee akawazuia wote wawili, akaja kuuliza: je, sala za binti yangu zimesihi? Na kitu hiki kinatoka vipi?

Nimeona si vyema jawabu liishie katika sikio la mtu mmoja. Anayepita mtaa wa Kongo au mtaa wa Swahili pale Kariakoo huona maduka yaliyojaa makopo ya jeli, mafuta ya mgando, nta na dawa za kupuliza. Na wanunuzi wake ni mabinti zetu, wake zetu, na vijana wetu wa kiume pia.

Kwanza ifahamike kuwa Uislamu haukuja kuwakataza watu kuzitengeneza nywele zao. Imam Abu Daud amepokea kwa Abu Huraira (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye nywele azikirimu. Na amepokea kwa Jabir (R.A.) kuwa Mtume alimwona mtu aliyetimka nywele, akastaajabu kama mtu yule hakupata kitu cha kuzituliza. Tena Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Hafsa (R.A.) kuwa Mtume mwenyewe katika Hija alikuwa amezigandisha nywele zake, jambo ambalo wanazuoni huliita talbidi, nalo ni kuzipaka nywele ulimbo au kitu mfano wake ili zishikamane zisitimke wala zisiingie vumbi. Kwa hivyo kuzishika nywele kwa dawa si jambo jipya, na mwenye kuliharamisha kwa ujumla amezidisha. Ama kuunganisha nywele za watu wengine, huo ni mlango mwingine wenye makatazo makali, nasi hatutauingia leo.

Suala letu ni hili: maji yanafika?

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida, aya ya 6, ametuamrisha tunapoisimamia sala tuoshe nyuso na mikono, tupake vichwa na kuosha miguu. Na mwenye janaba ameamrishwa ajitwahirishe. Tazameni tofauti iliyomo. Katika udhu kichwa hupakwa tu, na kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, hutosha kupaka sehemu ndogo ya kichwa, au nywele zilizo ndani ya mpaka wa kichwa. Ama katika josho la faradhi, la janaba, hedhi au nifasi, hapana budi maji yaenee mwili mzima, nywele zote na ngozi iliyo chini yake. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) katika josho lake alikuwa akiingiza vidole vyenye maji katika mashina ya nywele mpaka ahakikishe kuwa ngozi imerowa, ndipo akajimwagia kichwani mateko matatu.

Sasa tuirudie hoja ya kungwi. Hadithi aliyoikusudia ni sahihi. Ameipokea Imam Muslim kwa Bibi Ummu Salama (R.A.), aliyemwuliza Mtume kama afumue misuko yake kwa ajili ya josho la janaba, akajibiwa kuwa inamtosha kujimwagia kichwani mateko matatu ya maji. Lakini kungwi alishika nusu ya hadithi akaiacha nusu. Bibi Ummu Salama aliruhusiwa asifumue. Hakuruhusiwa asimwage maji. Na wanazuoni wa Kishafi wamefafanua kuwa ruhusa hiyo ni kwa misuko ambayo maji huingia ndani yake. Ikiwa msuko umekazwa hata maji hayapenyi ila kwa kuufumua, basi kuufumua ni wajibu. Mwenye kufunika kichwa kwa plastiki hakukiosha kichwa chake, awe amesuka au hakusuka.

Tena Imam Muslim amepokea kuwa mwanamke mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) namna ya josho la hedhi, akamwelekeza atwae maji na majani ya mkunazi, ajitwahirishe vizuri, kisha ajimwagie kichwani na akisugue kwa nguvu mpaka maji yafike mashinani. Mkunazi ule ndio sabuni ya watu wa zama zile, kwa kuwa majani yake yakipondwa hutoa povu. Basi katika mafunzo ya Mtume mna josho, na mna kitu cha kuondolea uchafu na mafuta.

Ni kipi, basi, kinachozuia maji? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika kitabu chake Al-Majmuu kuwa nta, unga uliokandwa, hina na mfano wake vikiwa vimeganda juu ya kiungo na kuzuia maji, twahara haisihi. Lakini kikiondoka kiwiliwili cha hina ikabaki rangi yake, au yakabaki mafuta mepesi ambayo maji hugusa ngozi kisha yakateleza, twahara imesihi. Hii ndiyo mizani yetu: kiwiliwili huzuia, rangi na athari hazizuii. Aliyepaka mafuta ya nazi asitiwe shaka. Aliyetia rangi nywele na kuisuuza asitiwe shaka. Ama aliyefunikwa na tabaka la nta, au gundi, au jeli iliyokauka ikawa kama ganda, huyo anayo kazi ya kufanya.

Na kazi yenyewe ni nyepesi kwa anayeijua. Sababu ya vitu hivi kung'ang'ania ni kuwa mafuta na nta havipatani na maji. Ukimwaga maji matupu juu yake yatateleza, hata ukimwaga pipa zima. Lakini mafuta huyalainisha mafuta wenzake, na sabuni hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili, ikayachukua yote pamoja.

Basi afanye hivi. Kwanza, azigawe nywele mafungu manne au zaidi, azirowanishe kwa maji ya uvuguvugu, wala asizichane zingali kavu na ngumu, kwani zitakatika. Jeli nyingi na dawa nyingi za kupuliza huanza kulainika kwa maji hayo peke yake. Pili, penye nta au mafuta ya mgando, apake mafuta ya nazi, azikande kwa ncha za vidole, na aache kwa muda yalainike. Tatu, atie shampuu, asugue ngozi ya kichwa kwa vidole, si kwa kucha, asuuze, kisha arudie mara ya pili; kwa kawaida mara ya kwanza huondoa mafuta ya juu, na ya pili ndiyo ifikayo chini. Baadhi ya dawa za siku hizi zina silikoni isiyoyeyuka kwa maji, nayo huhitaji shampuu iliyotengenezwa mahsusi kwa kusafisha sana. Nne, apitishe kitana chenye meno mapana kutoka nchani kwenda shinani, fungu baada ya fungu.

Wako wengine ambao kichwa hubaki na ukungu mweupe hata baada ya kuosha. Hawa aghalabu hutumia maji ya kisima yenye chumvi na chokaa, kama yalivyo maji ya visima vingi vya Dar es Salaam. Sabuni ya mche ikikutana na maji hayo hugeuka utando unaonata. Dawa yake ni vijiko viwili vya siki au maji ya ndimu katika bilauri ya maji, amwagie nywele, kisha asuuze. Na mwenye vidonda kichwani asitumie, maana vitamchoma. Ukungu huu tunautaja kwa ajili ya usafi, si kwa ajili ya kumtia mtu wasiwasi wa sala yake.

Atajuaje kuwa tabaka limetoka? Ashike nywele baina ya vidole viwili karibu na shina. Zikiwa zinateleza huru, na kucha ikipita juu ya ngozi haikusanyi kitu, limetoka.

Na hapa pana jambo linalosahauliwa. Maji yaliyochanganyika na shampuu, siki au mkunazi hata yakabadilika, ni safi lakini hayatwahirishi, kwa kuwa yameacha kuitwa maji matupu. Kwa hivyo kuosha nywele kwa dawa ni maandalizi. Josho lenyewe ni baada ya hapo: atie nia, ajimwagie maji matupu kichwani, ayafikishe mashinani, kisha mwili mzima.

Ama mafuta ya taa, petroli na madawa ya kufulia, tahadharini nayo sana! Mafuta ya taa huichoma ngozi ya kichwa, moshi wake huingia mapafuni, na cheche moja ya jiko yatosha kumwasha mtu. Aya ile ile ya udhu imetuambia kuwa Mwenyezi Mungu hataki kututia katika taabu, bali anataka kututwahirisha. Haiwi ibada kumwunguza binti ili sala yake isihi, na hali bakuli la mafuta ya nazi lipo jikoni.

Basi jawabu la mzee yule lilikuwa hivi. Binti azioshe nywele zake kama tulivyoeleza, akoge upya kwa ukamilifu, na azirudie sala zake tangu Alfajiri ya Jumapili mpaka Alasiri ya Alhamisi, nazo ni sala 23. Hana haja ya kulia wala kulaumiwa, kwani alifundishwa vibaya na hakukusudia kuasi. Wala fedha ya saluni isihuzunikiwe; pambo limekwisha kuonekana siku yake. Na ambaye ameosha kichwa chote, kisha akakuta kipande kidogo cha nta kilichozuia maji, huyo ataosha mahali pale tu na kurudia alizosali, wala hatarudia josho zima. Ama mwenye kushuku tu baada ya kumaliza, bila ya kuona kitu, asiijali shaka yake, maana wasiwasi hauna mwisho.

HUTUBA YA PILI

Alhamdulillahi. Ndugu Waislamu, Imam Muslim amepokea kwa Sayyidna Umar (R.A.) kuwa mtu mmoja alitawadha akaacha unyayoni mahali padogo mfano wa ukucha pasipofika maji, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha arudi akautengeneze udhu wake. Hakumtukana wala hakumfukuza. Alimrudisha tu majini. Nasi tuwarudishe wenzetu majini kwa upole namna ile.

Enyi akina baba, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Mzee yule aliuliza, na kwa kuuliza kwake nyumba nzima imenusurika. Enyi akina mama na makungwi, bibi harusi afundishwe josho kabla ya kufundishwa pambo, na siku ya saluni ichaguliwe kwa hesabu, na dawa iwe ile itokayo kwa maji na sabuni. Enyi wanafunzi, mnaosoma mlango wa twahara katika vyuo, yasomeni masuala haya mbele ya dada zenu, kwani elimu isiyofika nyumbani ni kama maji yasiyofika shinani.

Na tukumbuke kuwa ipo siku ambayo hatutazifumua nywele zetu kwa mikono yetu. Bibi Ummu Atiyya (R.A.) na wenzake walipomwosha binti ya Mtume (S.A.W.), walimwosha kwa maji na mkunazi, wakamalizia kwa kafuri, na nywele zake wakazisuka misuko mitatu. Kila mmoja wetu ataoshwa na wengine. Basi tuioshe miili yetu leo kwa ajili ya sala, tukingali tunao uwezo wa kuinua kata ya maji.

Ewe Mola wetu, tujaalie miongoni mwa wenye kutubia na wenye kujitwahirisha. Zikubali sala zetu, utusamehe tuliyoyakosea kwa kutojua, na utufunze yenye kutufaa. Wape wazazi wetu rehema, na watoto wetu uongofu. Amin.

Wabillahi tawfiq.