Jumba la Mizuka Juu ya Meza ya Chakula

Siku ya Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, ilinikuta katika mji wa Leicester, Uingereza, nyumbani kwa binti yangu, nilikokwenda kumtazama yeye na wanawe. Mji ule una Waislamu wengi na Wahindi wengi, na katika wao wako wengi ambao wazee wao walitoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mtu aweza kuingia dukani kununua mchele akajibiwa kwa Kiswahili naye hakutazamia. Siku hizo za mwaka jua la huko huchwa mapema mno. Saa zilikuwa zimekwisha rejeshwa nyuma Jumapili iliyotangulia, na Magharibi ikiingia kabla ya saa kumi na moja. Watu huswali Isha wakati ambao sisi hapa ndio kwanza tunatoka Magharibi.

Asubuhi ya siku hiyo mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na sita, alimwomba mama yake ruhusa ya kwenda usiku kwa mwenzake wa skuli, wacheze mchezo wa ubao.

"Mchezo gani?"

"Wa jumba lenye mizuka, mama."

Mama yake akakiweka kikombe chini, akamwambia hapana. Kijana hakubisha. Alichukua mfuko wake akatoka, na huko kutobisha kwake ndiko kulikonitia mimi mashaka. Kwani kijana huyu alihamia skuli mpya mwezi wa Septemba, na kwa muda wa wiki saba hapana mtoto hata mmoja aliyekuja kumgongea mlango. Hii ndiyo mara ya kwanza kualikwa, nayo imeangukia usiku wa Halloween.

Yafaa nieleze kidogo khabari ya usiku huo, kwa kuwa wasomaji wetu wengi huusikia tu kwa watoto wao. Tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa sikukuu ya Wakristo ya kuwakumbuka watakatifu wao wote, inayofanywa tarehe 1 Novemba. Lakini kabla ya Ukristo kufika Ireland na Scotland, watu wa huko walikuwa wakifanya wakati huohuo sikukuu yao ya kumaliza mavuno na kuingia kipupwe, iitwayo Samhain, nao wakiitakidi kuwa usiku huo baina ya walio hai na waliokufa pazia huwa jepesi. Watu wa Ireland walipokimbia njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, wengi walikwenda Marekani, wakaenda na mila zao. Huko wakaona boga ni rahisi kuchonga uso na kutia taa kuliko ile mizizi ya mboga waliyokuwa wakiichonga kwao. Leo watu wengi wanaoweka boga mlangoni hawaitakidi lolote. Ni usiku wa peremende, nguo za kuchekesha, na biashara kubwa ya madukani.

Hayo nilimwambia binti yangu, naye akanijibu, "Baba, mimi nayajua hayo kuliko wewe, nimekaa hapa miaka kumi na minane. Ninachokiogopa ni kuwa leo ataambiwa aje kuona mizuka, kesho ataambiwa aje kunywa, naye kwa upweke alio nao hatakataa." Neno hilo sikuwa na jawabu lake. Nilimwambia tu: basi na waje wao hapa.

Wakaja watatu baada ya Isha, mmoja Mwingereza, mmoja Mhindi wa Kigujarati, na mmoja Msomali, kila mmoja na sanduku lake la mchezo kwapani. Binti yangu alikuwa amezima taa ya mlangoni, kwani huko nyumba isiyo na boga wala taa ndiyo ishara kwa watoto wapitao wakiomba peremende kuwa wasibishe hodi. Hata hivyo walikuja wawili wadogo waliojifunga mashuka meupe, na mwanamke huyu aliyekuwa na msimamo mkali namna ile akawapa mandazi mawili mawili.

Mchezo walioutandika juu ya meza ya chakula waitwa Betrayal at House on the Hill. Ulitolewa kwanza Marekani mwaka 2004, na toleo walilokuwa nalo ni la mwaka 2010. Nimecheza bao tangu nina miaka minane, bao lile la mashimo 32 na kete 64, na nilidhani naijua michezo ya ubao. Huu haunao ubao. Wachezaji ndio wanaoujenga, kwa vigae vya karatasi ngumu: kila mtu akifungua mlango hukata kigae, na kigae kikawa jiko, au ghala, au ukumbi, au kaburi chini ya nyumba. Kila mmoja ana mtu wake mwenye vipimo vine: nguvu, mbio, ilimu na utimamu wa akili. Mwanzoni wote ni marafiki walioingia katika jumba lililohamwa. Lakini kuna karata za ndege mbaya, na kila itokapo moja hutupwa dadu. Ikiwa jumla yake ni ndogo kuliko hesabu ya ndege mbaya waliokwisha onekana, jambo hulipuka. Hapo hutazamwa kitabu chenye visa 50, na chumba ulichomo pamoja na karata uliyoikata ndivyo vinavyoamua kimekufikeni kisa gani, na katika wengi wa visa hivyo, nani katika nyinyi amegeuka khaini. Huyo khaini huchukua kitabu chake akaondoka chumbani kwenda kukisoma peke yake, na waliobaki wakasoma chao. Hapana upande ujuao upande wa pili umeagizwa nini.

Nasema kweli, nilivutiwa. Tumezoea mchezo ambao adui yako amekaa mbele yako tangu mwanzo.

Tulikuwa bado hatujafika huko binti yangu alipoingia na sinia la sambusa, akasimama.

"Baba, hayo si dadu?"

Wote wakanyamaza. Pesa hapakuwa na hata senti moja mezani, na kamari, iliyoharimishwa pamoja na ulevi katika Sura ya Maida, haikuwepo. Walakini hakukosea kuuliza. Mafaqihi wa Kishafii wametofautisha baina ya mchezo unaosimama juu ya fikira na hesabu, kama shatranji, ambao wameukirihi bila ya kuuharimisha, na mchezo unaosimama juu ya kubahatisha, kama nardi, ambao umekatazwa kwa Hadithi zilizo mashuhuri. Mchezo huu una yote mawili, fikira na dadu, wala mimi si mufti. Yule kijana wa Kisomali akatoa shauri: dadu za mchezo huu zina nyuso mbili tupu, mbili za nukta moja, na mbili za nukta mbili, basi na tuandike vipande vya karatasi kwa uwiano huo, tuvitie katika bakuli. Wakaandika. Binti yangu akazikusanya dadu zote nane akaondoka nazo. Niliwaambia vijana kwa kicheko kuwa bahati ni ileile, tumeitoa katika mfupa tukaitia katika karatasi, na faqihi akituuliza tutakuwa na kazi ya kumjibu. Lakini mama wa nyumba aliridhika, na usiku ule hilo lilikuwa na uzito wake.

Jambo la pili nililisimamisha mimi. Katika zile karata za ndege mbaya iko moja yenye ubao wa kuitia roho za waliokufa. Mwingereza akasema kuwa ubao wa namna hiyo anao mjomba wake, nao huuzwa pamoja na vitu vya watoto. Ni kweli. Hati ya kuulinda ubao huo uitwao Ouija ilitolewa Marekani tarehe 10 Februari 1891 kwa jina la Elijah Bond wa Baltimore, na mwaka 1966 ukanunuliwa na Parker Brothers, kampuni ileile iliyotoa Monopoly. Watu huweka vidole juu ya kibao kidogo, nacho huenda kikigusa herufi. Lakini nani hukisukuma? Mwaka 1853, kabla ya ubao huo kuzaliwa, yule bingwa wa ilimu ya umeme, Michael Faraday, aliwapima watu waliokuwa wakikaa mezani wakidai kuwa roho ndizo zinazoizungusha meza. Akatengeneza chombo cha kuonyesha mkono unaanza au meza inaanza. Akaona mkono ndio unaoanza, na mwenyewe hana khabari. Kwa hiyo anayeuliza ubao hujibiwa na vidole vyake. Lakini nia ya kuuliza ghaibu ni nia ya kumwendea kahini, hata jawabu likiwa la uwongo. Karata ya picha si ubao wenyewe, nami niliwaambia hivyo. Hata hivyo niliomba iwekwe kando, wakaiweka bila ya neno.

Kisha Mwingereza akataka tuzime taa, mmoja ajifiche nyuma ya mlango amshtue mwenziwe. Niliwahadithia khabari iliyomo katika Abu Daud, ya masahaba waliokuwa safarini na Mtume, rehema na amani zimshukie. Mmoja akasinzia, wenziwe wakamtwalia kamba yake kwa mzaha, akaamka kwa khofu, na Mtume akawakataza Waislamu kutishana. Yule kijana akauliza, "Hata kwa mchezo?" Nikamwambia mzaha ndio uliokuwa mchezo wenyewe. Akafikiri kidogo, akasema taa ibaki.

Katika masanduku waliyokuja nayo lilikuwamo la Arkham Horror, mchezo wa Richard Launius uliotolewa kwanza mwaka 1987. Hatukuucheza, kwani unataka saa nyingi. Lakini mjukuu wangu alikuwa akizipitia karata zake akaniuliza, "Babu, hiki kitabu cha Necronomicon kipo? Wanasema aliyekiandika ni Mwarabu mwenda wazimu."

Hakipo, wala hakikuwapo. Alikizua H. P. Lovecraft, mtungaji wa hadithi za kutisha wa Providence, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1890 akafa mwaka 1937. Alimzua na mtungaji wake pia, akamwita Abdul Alhazred, akasema ni mtu wa Sanaa, Yemen, aliyeuawa Damascus mwaka 738 na mnyama asiyeonekana, mchana kweupe, mbele ya watu. Lovecraft mwenyewe alisema kuwa jina hilo alijiitia utotoni, alipokuwa akisoma Alfu Lela Ulela na kucheza Uarabuni nyumbani kwao. Tazameni jina lenyewe: mtoto yeyote wa chuoni aliyekwisha maliza juzuu ya Amma atakwambia kuwa haliwezi kuwa la Mwarabu, maana ndani yake al imewekwa mara mbili mfululizo! Na mtu huyu aliwachukia wageni wa kila kabila, barua zake zimejaa chuki hiyo, na wanaompenda kwa ufundi wake hawalifichi jambo hilo. Nilimwambia mjukuu wangu kuwa katika hadithi nyingi za bwana huyu kitu cha kutisha hutoka ng'ambo ya bahari, na wanaokiabudu ni watu weusi na wa rangi. Kijana akaitazama ile karata muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo zimwi ni sisi." Mwenziwe wa Kigujarati akacheka, kisha akaacha.

Basi tukacheza. Saa mbili na nusu jambo likalipuka, na kitabu kikamtaja mjukuu wangu kuwa ndiye khaini. Akachukua kitabu chake akatoka kwenda jikoni alikokuwa mama yake. Nilisikia sauti yake.

"Wamekufanya nini?"

"Mimi ndiye adui, mama. Nimetoka nisome jinsi ya kuwashinda."

"Peke yako? Wao wangapi?"

"Wanne, na babu."

"Na wewe ndiye mgeni wao." Kimya kidogo, kisha, "Nionyeshe."

Walisoma pamoja. Aliporejea alikuwa na uso ambao sikuuona tangu nifike, naye akatupiga. Alitufungia chini ya nyumba, mimi na Mwingereza, tukafa huko kwa kukosa vipande vya karatasi vizuri. Yule Msomali ndiye aliyebaki, akapigana naye hadi kipande cha mwisho, na kelele zao zikamwamsha mtoto mdogo juu.

Nilipokuwa nimekaa nimekwisha kufa, nilikumbuka mwaka 1995, pale Unguja na Pemba zilipoingiwa na khofu ya Popobawa. Nililala uani na majirani, wanaume, wanawake na watoto, na moto umewashwa, kwa kuwa hapana aliyethubutu kulala ndani. Hapakuwa na kanuni, wala zamu, wala sanduku la kurudisha kitu ndani yake kikesha. Watoto wetu tuliwanyamazisha kwa ukali, wakati sisi wenyewe tulikuwa tunatetemeka. Kabla ya hapo, nilipokuwa mdogo, bibi yangu alikuwa akisema paukwa, sisi tukajibu pakawa, akatuletea zimwi mpaka mlangoni, kisha akalirudisha alikolitoa, tukalala. Vijana wale walikuwa wakifanya kama bibi yangu, kwa vigae.

Waliondoka saa nne kasorobo, mvua inanyesha, mjukuu wangu akawasindikiza hadi kituo cha basi. Mama yake alisimama dirishani mpaka akarudi. Sanduku la mchezo liliachwa kwetu lisirowe.

Dadu nane zimo katika kopo la binzari, juu ya kabati la jikoni. Binti yangu amempelekea suala shekhe wa msikiti wao, kwa barua ndefu, na ameeleza na khabari ya vipande vya karatasi. Ijumaa iliyofuata yule kijana wa Kiingereza alibisha hodi, akavua viatu mlangoni bila ya kuambiwa, akauliza kama jawabu limekwisha fika. Akaambiwa bado. Akauliza kama zile sambusa zipo.