Mlima kama Kisiwa: Mwinuko, Hali ya Hewa na Mimea ya Ruwenzori

0. Utangulizi

Msafiri atokaye Mutwanga, chini ya Ruwenzori upande wa Kongo, akapanda hadi penye barafu, hupitia kwa siku chache hali za hewa ambazo katika nchi tambarare angezikuta kwa kusafiri maelfu ya kilometa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwinuko, yaani kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari, unavyoshirikiana na hali ya hewa kuzaa mimea mbalimbali. Tunawaandikia wasomaji wa isimu kwa sababu swali la mtaalamu wa mimea ni swali letu pia: viumbe viwili vikifanana, je, ni ndugu, au wamefananishwa na mazingira?

Neno moja latakiwa kufafanuliwa kwanza. Tutasema spishi, wala si aina, kwa kuwa aina ni neno pana mno. Twasema aina za maharagwe, ya rangi hii na ile, ilhali maharagwe hayo huweza kuzaana. Spishi ni kundi la viumbe ambavyo kwa kawaida huzaana vyenyewe kwa vyenyewe na kujitenga na makundi mengine.

1. Ngazi za hali ya hewa

Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi na joto hupungua, takriban nyuzi 6 za sentigredi kwa kila meta 1,000. Mahali penye meta 1,000 pakiwa na nyuzi 24, penye meta 4,000 patakuwa na nyuzi 6 hivi. Mvua na mawingu nayo hayagawanyiki sawasawa mlimani.

Kwa hiyo mimea ya Ruwenzori imejipanga katika kanda. Chini kuna mashamba na msitu wa milimani. Kuanzia takriban meta 2,500 huja mianzi. Juu ya meta 3,000 ni ukanda wa miti ya jenasi Erica, yenye majani membamba na matawi yaning'iniayo mimea midogo mithili ya ndevu. Karibu na meta 4,000 waanza ukanda wa juu kabisa wa mimea, na baada yake ni mawe na barafu, hadi kilele cha Margherita chenye meta 5,109. Mipaka hiyo hupanda au kushuka kufuatana na ubavu wa mlima, lakini mpangilio wenyewe haugeuki.

2. Masharti ya kileleni

Katika nchi za Ulaya, baridi huja kwa majira. Mmea huweza kupumzika miezi kadhaa ukingoja joto. Karibu na ikweta, vileleni, mambo ni mengine: miezi haitofautiani sana, lakini kila usiku baridi yaweza kugandisha maji, na kila mchana jua huchoma. Mmea hauna majira ya kupumzikia. Sharti ujikinge kila siku.

Senesio kubwa, za jenasi Dendrosenecio, zimejikinga kwa namna ya ajabu. Ni miti yenye majani makubwa yaliyopangika duara juu ya shina mfano wa kabichi. Usiku majani hayo hujikunja na kufunika chipukizi changa lililo katikati. Majani yaliyokufa hayaanguki upesi, bali hubaki yakilivika shina vazi la kuzuia baridi, na ndani ya shina mna akiba ya maji. Lobelia kubwa zina umbo la majani linalokaribiana na hilo, na baadhi yake hutunza maji katikati ya majani. Uso wa maji ukiganda usiku, chipukizi lililo chini husalimika.

3. Kufanana si undugu

Mtazamaji angedhani kwamba senesio na lobelia hizo ni ndugu. Sivyo. Senesio ni ya familia moja na alizeti, na lobelia ni ya familia nyingine. Masharti mamoja yamezifikisha kwenye umbo lililo karibu moja. Hata katika milima ya Andes, Kolombia na Venezuela, mimea ya jenasi Espeletia imepata umbo kama hilo bila kutoka katika ukoo wa senesio zetu.

Jambo hili si geni kwetu. Lugha mbili zikiwa na sauti au muundo unaofanana, hatusemi papo hapo kwamba zina asili moja. Twatafuta kwanza ulinganifu wa kudumu katika msamiati na sarufi. Mtaalamu wa mimea hufanya vivyo hivyo kwa vinasaba. Uchunguzi wa vinasaba vya senesio, tangu ule wa Eric Knox na Jeffrey Palmer uliotolewa mwaka 1995, umeonyesha kwamba jamii hii ni changa kwa hesabu ya historia ya dunia, nayo ilienea kutoka mlima hadi mlima. Mbegu zake nyepesi huchukuliwa na upepo, lakini ni chache zifikazo mlima wa pili. Zikifika huanza maisha ya upweke.

Kati ya kilele na kilele kuna nyanda zenye joto lisilovumiliwa na mimea hiyo. Kwa hiyo kila mlima ni kisiwa. Kilimanjaro ina Dendrosenecio kilimanjari, Elgon ina D. elgonensis, Meru ina D. meruensis. Tena mlima mmoja hugawanyika kwa kimo: katika Ruwenzori, D. erici-rosenii hukaa chini, na D. adnivalis hupanda juu zaidi. Kutengana huanza tofauti, mwinuko huzikuza. Wasomaji wakumbuke Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda, waishio pande mbili za mlima huo huo: lugha zao bado zaelewana, lakini kila upande una lafudhi na maneno yake.

4. Kanda zinazotembea

Kanda hizo hazikukaa mahali pamoja daima. Miaka kama 20,000 iliyopita, dunia ilipokuwa baridi zaidi, barafu ilitelemka na mimea ya vileleni ikashuka nayo, ikapata eneo kubwa na majirani wa karibu. Joto liliporudi, ilipanda tena ikajifungia vileleni. Kukaribiana na kuachana huko kumerudiwa mara nyingi, kukachanganya koo na kuzitenganisha.

Leo mwendo ni wa upande mmoja. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi alipofika kilele cha Margherita, barafu ya Ruwenzori ilienea zaidi ya kilometa 6 za mraba. Mwanzoni mwa karne ya 21 ilikuwa imebaki kama kilometa 1 tu. Kwa hesabu tuliyoitaja, ongezeko la nyuzi 1 laweza kusukuma kanda juu kwa meta 170 hivi. Msitu una mahali pa kupandia. Mmea wa kileleni hauna, kwani mlima hupungua upana kadiri unavyopanda, kisha huisha.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba mlima hufanya kazi tatu: hupanga hali za hewa ngazi kwa ngazi, hutenga koo, na huzihamisha enzi kwa enzi. Spishi za Ruwenzori ni matokeo ya kazi hizo zote, na zikitoweka hapo, spishi zisizopatikana penginepo zitakuwa zimetoweka duniani. Elimu hiyo yafaa ifundishwe katika lugha inayosemwa Beni, Goma na Bukavu, ili waishio chini ya milima hii waweze kuijadili wenyewe.