Hita ya Motokaa Inapotoa Baridi

Mtu wa Tanga akisikia kwamba motokaa ina mtambo wa kupasha joto, huenda akacheka. Sisi tukaao chini ya Mlima Meru hatucheki. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti asubuhi huwa na baridi na ukungu, hasa barabara ipandapo kwenda Ngaramtoni na Oldonyo Sambu. Vioo huingia mvuke, na dereva hupangusa kwa kitambaa huku akishika usukani kwa mkono mmoja. Kwa hiyo hita si anasa. Ndiyo impayo dereva macho.

Mambo haya nimeyaona wakati wa likizo katika gereji ya mjomba wangu, nami nayaandika kwa ajili ya wanafunzi wenzangu na wazazi wenye magari ya petroli au dizeli.

Yafaa kujua kwanza kwamba hita haina moto wake yenyewe. Maji yale yale yapozayo injini hupita katika mipira miwili mpaka kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa juu yake. Ikiwa hewa haitoki kabisa, tazama fyuzi, feni, au chujio lililojaa vumbi (na vumbi letu mwalijua). Lakini hewa ikitoka nayo ni baridi, uliza kwanza habari za maji.

Tazama maji injini ikiwa imepoa. Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji huchemka mapema mahali palipoinuka. Hapa Arusha huchemka karibu na nyuzi 95 za Selsiasi. Kifuniko huyabana yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukikifungua, mbano huisha ghafula, na maji hugeuka mvuke na kukurukia usoni.

Sasa ishike sana dalili hii: hita iliyokuwa ikitoa joto ikipoa ghafula huku geji ya joto inapanda, usiendelee hata maili moja. Maji yamepungua hata hayafiki kwenye rejeta ndogo, au pampu haiyasukumi. Simama pembeni, zima injini. Kwa mjomba liliwahi kuletwa gari ambalo dereva wake aliona dalili hiyo kilimani akasema, “Nitafika tu.” Alifika kwa kuvutwa kwa kamba, silinda hedi imepinda.

Geji ikikaa chini wakati wote, shauri ni la thamostati, yaani mlango mdogo uzuiao maji yasiende kwenye rejeta kubwa kabla hayajapata moto wa kutosha, mara nyingi nyuzi 82 hivi. Mafundi wengi huing’oa wakisema nchi yetu ni ya joto. Mjomba huchukizwa sana na neno hilo, nami naona ana haki. Gari lisilo na thamostati likiteremka kutoka Oldonyo Sambu kuja mjini, injini hupoa, petroli huliwa bure, na hita hutoa uvuguvugu.

Geji ikiwa katikati, gusa mipira miwili ya hita kwa uangalifu, mbali na mkanda wa injini. Mmoja moto na mwingine baridi? Rejeta ndogo imezibwa na kutu na matope, kwa sababu ya kuongeza maji ya mtoni pasipo dawa ya rejeta. Yote miwili moto? Basi kilango kigeuzacho hewa ndani ya dashibodi kimekwama. Zulia la mbele likilowa na kunukia utamu, rejeta ndogo inavuja.

Mwisho kuna hewa, iingiayo maji yanapobadilishwa. Hapa kwetu dawa yake ni rahisi, maana milima tunayo. Egesha gari likielekeza pua juu, vuta breki ya mkono na kuweka kabari nyuma ya magurudumu. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, weka hita kwenye joto, kisha uwashe injini bila kukanyaga mafuta. Mapovu yatatoka, nawe uongeze maji kidogo kidogo. Yakikoma, na mpira wa chini wa rejeta kubwa ukianza kupata moto, funga kifuniko.